Mwaka Niliokalishwa Kitini

Wiki iliyopita nilikuwa uani kwangu hapa Mtopanga, lango liko wazi, nafua nazi, nikaona vijana wawili wanapita na kiti. Si kiti cha plastiki. Kiti cha mito, kipana, cha zambarau, bado kimevaa nailoni yake ya dukani. Nikawauliza kinakwenda wapi. "Kwa Bi Zuhura, bibi. Wanawe wamemnunulia akalie eda." Bi Zuhura ni jirani yangu, nyumba ya tatu kutoka hapa, na mumewe tulikuwa tumemzika Ijumaa. Nikaiacha nazi pale pale juu ya kifuo, nikajitanda leso, nikawafuata. Nilimkumbatia Bi Zuhura tukalia, maana mauti ni mauti. Kisha nikamwita mwanawe mkubwa kando, nikamwambia, "Kiti nimekiona, Mungu awalipe kwa nia yenu. Mama yenu akae eda yake kama dini ilivyoamrisha. Lakini hicho kirudisheni dukani, au kikalieni nyinyi." Akanitazama kama anayemtazama mwendawazimu. Hakujua kwamba kiti kile mimi nakijua. Changu kilikuwa cha kijani.

Mimi ni Mariamu. Shule niliishia darasa la pili, chuoni nikahitimu msahafu, na hayo yalinitosha. Nyumba hii ya vyumba vinane nimeijenga kwa nazi. Marehemu mume wangu Bakari alikuwa mtu mwema, sina la kumsema, lakini mshahara wake ulikuwa wa kula; mawe na mabati ni yangu. Kifuo ni chuma chenye ncha kinachochimbiwa ardhini kikasimama. Unaichoma nazi pale, unaibana, unaizungusha, unailalia kwa uzito wako wote mpaka kumbi linabanduka. Kazi ya wanaume, wakisema, na miaka hiyo sokoni Kongowea wanawake wa kifuo tulikuwa wawili tu: mimi, na shoga yangu Mwanakombo, Mdigo wa Likoni, mwanamke mwenye mdomo kama panga. Wanaume walitucheka mpaka walipoona nani anamaliza lundo kwanza. Nikisema nimejijenga, sisemi kwa mafumbo.

Bakari alifariki masika ya mwaka huo ninaousimulia, kwa homa ya siku chache tu, na mimi nikaingia eda. Mjane wa Kiislamu hukaa ndani miezi minne na siku kumi, hajipambi, hatoki ila kwa dharura. Hiyo ni amri na sina neno nayo. Ila sisi watu wa pwani tukipewa amri moja tunaiongezea tatu za kwetu. Binti yangu Rukia, ninayekaa naye, alinipokonya ufagio siku ya kwanza. "Mama, mjane atafagiaje?" Siku ya pili akaninyang'anya mbuzi ya kukunia nazi. Mwanangu Athumani, mwenye kazi yake Nairobi, akanunua kiti cha kijani chenye mahali pa kunyanyulia miguu, kikawekwa chumbani kwangu kando ya dirisha, na kila aliyeingia alikisifu kabla ya kunipa pole. Kutoka kitandani hadi kitini, kutoka kitini hadi msalani: huo ndio ukawa mji wangu. Na chakula! Asubuhi mahamri na mbaazi za nazi, na chai ya maziwa tamu hata midomo inanata. Kabla ya adhuhuri mtu keshafika na bakuli la kaimati zinaogelea kwenye shira. Mchana wali wa nazi, alasiri visheti na mkate wa sinia, usiku mchuzi wa viazi. Kila mgeni alisema neno moja: "Kula, Bi Mariamu, usijitie unyonge." Kukataa chakula cha mtu aliyekuja kukufariji ni tusi, basi nakula. Tena nisiseme uongo, nilifurahi. Mtu aliyefua nazi tangu usichana wake anyanyuliwe miguu kama bibi harusi! Nikasema moyoni, hii ndiyo heshima yenyewe, hiki ndicho nilichokitolea jasho.

Nilianza kusahau kama gunia la mchele lililotobolewa na panya: husikii kitu, siku moja unaona tu gunia limelegea. Jina la jirani. Mahali pa miwani. Hayo ni ya kila mtu. Kisha nikawa namwita Rukia kwa jina la marehemu dada yangu, Mwanaisha. Eda ikamalizika, na mimi nikabaki kitini vile vile, kwa sababu hakuna aliyeniambia niinuke wala mimi sikukumbuka kuinuka. Jioni moja nikamwuliza Rukia, "Baba yenu ameshakula?" Alikuwa ameshika sinia. Akaliweka chini polepole, akatoka, nikamsikia anafungua bomba la uani ili maji yafiche kilio chake.

Lakini lililonivunja ni swala ya magharibi. Nimetoa salamu, nimegeuka, Rukia amesimama mlangoni. "Mama, umeswali nne." "Nne nini?" "Rakaa. Magharibi ni tatu, Mama." Nikamgombeza. Nikamwambia mimi nilikuwa naswali magharibi kabla yeye hajaota meno. Kesho yake nikaswali mbili. Kesho kutwa, Rukia aliketi ukingoni mwa kitanda akinihesabia kwa vidole, akidhani simwoni. Nilimwona. Mtu mzima, mwenye nyumba yake, anahesabiwa rakaa na mwanawe kama mtoto wa chuoni! Siku hiyo nilikaa juu ya mswala muda mrefu baada ya dua, si kwa uchaji, bali kwa aibu ya kunyanyua uso.

Athumani akaja, tukaenda kliniki moja upande wa Bamburi. Daktari alikuwa msichana wa bara, mdogo, lakini adabu anayo. "Shosho, leo ni siku gani?" Nikamwambia, "Kwanza mimi si shosho, hao ni mabibi wa bara, mimi ni Bi Mariamu." Akacheka, akaomba radhi. Lakini siku yenyewe sikuijua. Akanitajia vitu vitatu nivishike: kikombe, barabara, embe. Tukazungumza mengine, kisha akaniuliza ni vitu gani. Hata kimoja. Nikamwona Athumani anatazama sakafu. Damu yangu ikapimwa, sukari ikakutwa juu sana. Yule binti akavuta kiti akaja karibu, akanieleza mimi, si mwanangu, na kwa hilo nitamkumbuka. Alisema sukari imejaa kwenye damu lakini haiingii panapotakiwa. Misuli ndiyo inayoila kwa wingi, na misuli isiyotumika hufunga mlango. Basi mwili unashiba huku unaona njaa, na ubongo nao ni sehemu ya mwili. Nikamwuliza, "Kama jiko la makaa lililojaa jivu? Makaa yamo lakini chungu hakichemki?" Akasema, "Hivyo hivyo. Na jivu linaondoka ukilitikisa. Tembea, Bi Mariamu. Rudia kazi za mikono. Punguza vitamu. Damu itapanda kichwani, na ubongo wenyewe hupata nguvu mwili unaposogea." Nikamwuliza kama akili itarudi. Hakunidanganya. "Sikuahidi. Uko usahaulifu usiorudishwa na mazoezi, na huzuni nayo husahaulisha. Lakini wanaosogeza mwili wao huonekana wakichelewa kufikwa na hayo. Na wewe sioni kama umeshafika huko." Vidonge vya sukari Athumani alivinunua njiani. Ushauri aliuacha pale pale mezani kwa daktari.

Jioni ile nilikuwa kitini, na kati ya chumba changu na ukumbi hakuna ila pazia. Pazia halizuii maneno. "Rukia, tusidanganyane," Athumani alisema. "Mama amekwisha. Aliyemo mle ni kiwiliwili." Rukia akamwambia, "Teremsha sauti, atasikia." Akajibu, "Akisikia atasahau." Kisha nikasikia mpango wote. Hitima ya mwaka ya baba yao ikishasomwa, nahamishiwa Nairobi kwake, yuko msichana wa kazi atakayeniangalia, na nyumba hii ipangishwe yote. Rukia akasema, "Ghorofa ya nne, Athumani? Mama atashukaje?" Na yeye akasema, "Ashuke aende wapi?"

Athumani si mtoto mbaya, na nataka anayesoma haya alijue hilo. Alikuwa akilia huku akisema. Aliniona nimekufa na bado anataka kunitunza, na huo ni upendo wa aina yake. Lakini niliyoyasahau mwaka ule ni mengi, na maneno yale mawili hayamo. Nilikaa nayo kitini kama mtu aliyemeza mwiba. Nyumba yangu, jina langu, rakaa zangu, vyote vilikuwa vimewekewa mwisho, na mwisho wenyewe ni siku ya hitima. Nami hata kuinuka bila kushikwa mkono nilikuwa siwezi.

Vuli ilikuwa imeanza kunyesha Mwanakombo alipofika. Alikuwa Kwale kwa jamaa zake muda mrefu na habari ya msiba ilimfikia imeshapoa. Aliporudi kwa binti yake Kiembeni hakukaa hata siku mbili. Nikasikia, "Hodi wenyewe!" na Rukia, "Karibu, shikamoo, Mama Mkubwa." "Marahaba. Yuko wapi huyo mwanamke wa makumbi?" Pazia likafunguliwa kwa nguvu. Shoga yangu amesimama, mkubwa kwangu kwa umri, viatu vya mpira vimejaa tope, mwavuli kwapani. Akanitazama, akakitazama kiti, akanitazama tena.

"Nani kamweka Mariamu wangu kwenye kiti cha kinyozi?"

"Nakaa eda, shoga."

"Eda? Bakari kafa masika, na hii mvua inayonilowesha ni ya vuli. Wewe wakaa eda ya wanaume wangapi?"

Rukia akaziba mdomo, sijui kwa kicheko au kwa hofu. Nikasema watoto wanataka nipumzike. "Hata hiyo eda yenyewe," akasema, "imekukataza wanja na udi. Nani alikwambia imekukataza na ufagio? Nazi isiyotikiswa utajuaje kama ina maji?" Nikamwuliza amekuja na gari gani. "Gari ya nini na miguu ninayo? Nimetoka Kiembeni kwa haya haya matope." Nikamshika kilemba cha leso yake nikamvuta karibu, nikamnong'oneza, "Mwanakombo, nasahau." "Wasahau nini?" "Rakaa." Hapo mzaha ukamtoka. Akaketi sakafuni, akanishusha miguu kutoka kwenye kile kibao cha kiti, akaniminya vigimbi. "Hii miguu ilikuwa mawe," akasema polepole. "Leo ni mkate wa kumimina." Nikamweleza aliyoyasema daktari, yale niliyobaki nayo: jiko, jivu, kutikisa. Nikamweleza na yale ya nyuma ya pazia. Kisha akainuka, akanipa mkono. "Simama, mwanamke."

"Mama ataanguka!" Rukia akalia. "Akianguka tutamwokota," Mwanakombo akamjibu. "Akikaa ataoza."

Siku ya kwanza tulifika pembe ya kichochoro, nikashika ukuta wa watu, nikatapika. Siku ya pili pembe ile ile, bila kutapika. Mwanakombo alikuja kila asubuhi kwa miguu, akinikuta nimekwisha kuvaa, maana nilimjua: angeniingilia hata na nguo za kulalia. Tulipofika dukani alininunulia maji, tulipofika msikitini alinisifu, tulipofika barabara ya lami na kurudi, akaniambia, "Sasa twende kazini." Kifuo changu Rukia alikuwa amekifungia kamba ya kuanikia nguo. Nikaamuru nguo zianuliwe. Nazi ya kwanza niliilalia nikaning'inia juu yake kama kuku juu ya uzio, kumbi halikutikisika, na mpangaji mmoja akapiga picha kwa simu. Mwanakombo akamfuata mpaka mlangoni akamfutisha.

Sisi watu wa kifuo tuna desturi yetu. Nazi huhesabiwa kwa sauti, na kila ikitimu ishirini unatupa kumbi moja kando liwe shahidi, kisha unaanza upya. Mkono unabana, kiuno kinazunguka, mdomo unahesabu, vyote kwa pumzi moja. Mwanzoni nilipotea njiani kila mara, sijafika hata nusu. "Nimefika ngapi?" "Sijui, mimi ni karani wako? Anza upya." Nikianza upya, natukana, nafua. Rukia alikuwa anasikia, akaacha kulia akaanza kucheka. Na kadiri kiuno kilivyolegea, hesabu ikawa inajishika yenyewe. Siwezi kueleza kwa maneno ya kitabu. Najua tu kwamba kumbi la kwanza la shahidi nilipolitupa pale kando, nililitazama kama nilivyoutazama msingi wa nyumba hii siku ulipomwagwa.

Chakula nacho tukakigeuza. Chai kavu ya tangawizi bila sukari, ambayo wiki ya kwanza ilikuwa kama maji ya kuoshea sufuria. Kunde, mchicha, samaki wa kuchoma, wali siku ya Ijumaa tu, tena kidogo. Wageni wakakasirika. Bi Zuhura huyu huyu aliniletea kaimati, nikamrudishia bakuli limejaa vile vile, na mwezi mzima salamu yake kwangu ilikuwa ya puani. Sikujali. Nilikuwa na mwisho wangu unaonijia mbio. Tena kusidhaniwe njia ilikuwa imenyooka. Siku moja, nimeshapata nguvu, nimeshajiona bingwa, nikamwita Rukia Mwanaisha. Nikaiangusha nazi, nikaketi juu ya makumbi, nikalia kama mtoto. Mwanakombo hakunibembeleza. "Basi? Mwanaisha alikuwa mzuri kuliko huyu. Okota nazi."

Karibu na hitima nikarudi kwa yule daktari, safari hii na Rukia. "Habari ya leo, Shos... Bi Mariamu?" Nikamtajia siku kabla hajauliza. Akanipa vitu vitatu vipya: kofia, mlango, ndizi. Tukazungumza mengine, akaniuliza. "Kofia, mlango, ndizi," nikamwambia, "na mara ya kwanza ulinipa vingine nikavipoteza, Athumani akamtajia Rukia, naye akaja kunitajia, kwa hiyo ongeza na kikombe, barabara na embe." Akaweka kalamu chini. Sukari ilikuwa imeshuka. Akasema hawezi kuapa kuwa ni mazoezi peke yake. Huzuni imepungua, chakula kimebadilika, usingizi umerudi. Nikamwambia, "Binti yangu, wewe sema unavyopaswa kusema. Mimi najua nilichokifanya." Yuko mzee mmoja hapa mtaani aliyetembea maisha yake yote na bado amesahau hata wanawe, Mungu ana yake, sibishani naye. Lakini mimi nilipewa mlango ulio wazi kidogo, nikausukuma kwa bega.

Siku ya hitima Athumani aliingia na gari la kukodi na maboksi matupu ya kufungia vyombo. Uani kulikuwa kumejaa wanawake wanamenya vitunguu saumu na kukuna nazi, moshi wa kuni umepanda, Mwanakombo anawatukana wote kwa mapenzi. Nami niko kifuoni, nguo nimezifunga kiunoni. Mwanangu akasimama na boksi mkononi. "Shikamoo, Mama. Nani amekuruhusu..." "Marahaba. Nyamaza, nahesabu." Akasimama juani mpaka nikamaliza ishirini yangu, nikatupa kumbi kando, nikajifuta jasho.

"Haya. Hujambo, Athumani? Mkeo hajambo? Yule mtoto wenu wa pili ameacha kukohoa?" Akajibu yote kwa sauti ndogo. Nikamwambia, "Siku ile nyuma ya pazia ulimwambia dadako, 'Akisikia atasahau.' Nilisikia." Uani pote mbuzi za kukunia zikanyamaza. Boksi likamwanguka. Akapiga magoti kwenye makumbi kwa suruali yake ya Nairobi. "Mama, nisamehe." "Nilikusamehe siku ile ile. Kusahau tu ndiko kulikonishinda. Ukauliza pia, nishuke niende wapi. Ghorofa yako ya nne nitakuja, inshallah, nitaipanda kwa miguu yangu, nikae wiki nile chakula cha mkeo. Kisha nitashuka nije kwangu." Mwanakombo akapiga kigelegele kikasikika mpaka barabarani. Wengine wakaitikia, na hitima ya Bakari, Mungu amrehemu, ikawa na vigelegele kabla ya Yasini. Najua hangechukia.

Athumani alibeba nazi mchana kutwa, akatia maji, akainua masufuria, na watu walipotawanyika nilimkuta amelala fofofo kwenye kiti cha kijani, miguu juu, mdomo wazi. Nikamfunika leso. Adhana ya magharibi ikalia. Nikatawadha, nikatandika mswala kando yake. Nilipotoa salamu nikageuka, Rukia amesimama mlangoni, mkono umefichwa nyuma, vidole vimekunjwa.

"Ngapi?" nikamwuliza.

Akautoa mkono, akatazama vidole vyake, akanitazama mimi. "Tatu, Mama."

"Basi shusha huo mkono, na usiuinue tena kwa ajili yangu. Njoo tukusanye makumbi."